Kitanzi, majambazi na maswali yenu yale yale

Wiki hii meseji zimejaa kuliko kawaida na karibu zote zinasema neno moja, wanyongwe. Najua zinakotoka. Kukitokea mauaji ya kutisha mtaani watu wanakumbuka kitanzi, baada ya wiki mbili wanasahau, halafu likitokea lingine tunaanza upya. Haya, nimechagua chache. Waliotuma swali moja mara nne nne kwa namba tofauti nimewaona.

Eti adhabu ya kifo ilishafutwa Tanzania? (Msomaji, Mbagala)

Haijafutwa. Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, na jaji hana pa kuchagua hata kama roho inamuuma. Kilichosimama ni utekelezaji, mara ya mwisho mtu kunyongwa ilikuwa 1994. Sheria ipo, kamba ndo haivutwi.

Sasa kama ipo, kwa nini Rais asisaini tu majambazi wanyongwe tupumzike? (Msomaji, Bariadi)

Umelianzia mkiani ndugu yangu. Ni kweli, rufaa zikiisha faili linaishia mezani kwa Rais, yeye ndo anaamua mtu anyongwe au apunguziwe. Sasa angalia. Magufuli, ambaye sijawahi kusikia mtu anamwita mpole, Septemba 2017 siku anamuapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma alisema waziwazi hayo majina asipelekewe maana anajua ugumu wake, na Desemba 9 mwaka huo huo akawasamehe watu 61 waliokuwa wanasubiri kitanzi. Mkapa kabla yake hakunyonga, Kikwete hakunyonga, Samia naye hivyo hivyo. Watu wanne ambao hawafanani hata kutembea, wote mkono umegoma kwenye karatasi ile ile, hivi hujiulizi ndani ya yale mafaili kuna nini?

Mimi nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama miaka mingi nikiandika habari, kwa hiyo kidogo nakijua kilichomo. Unakuta kesi nzima imesimama juu ya shahidi mmoja aliyesema alimtambua mtuhumiwa usiku wa manane kwa mwanga wa tochi, tena tochi yenyewe ameishika jambazi anammulika yeye! Ndo maana Mahakama ya Rufani tangu kesi ya Waziri Amani (ni jina la mtu, siyo cheo) mwaka 1980 inauliza mwanga ulikuwa wa nini, ulikuwa na nguvu kiasi gani, mlisimama umbali gani, ulimwangalia kwa muda gani, ulikuwa unamjua kabla? Au unakuta maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi wanasema mtuhumiwa alikiri mwenyewe, yameandikwa siku ya tatu wakati sheria inataka ndani ya masaa manne tangu akamatwe. Siku tatu alikuwa wapi, anafanywa nini? Ukifika rufaa yanatupwa nje, mtu anatoka, na nyie mnapiga kelele kwamba majaji wamekula hela. Hawajala, upelelezi ndo ulikuwa mbovu, na huyo aliyeua kweli labda mnakunywa naye kahawa pale kijiweni.

Jambazi akienda kuiba hafungui kitabu cha sheria kuangalia kifungu cha 197, kile cha kunyonga, kinasemaje, anapiga hesabu moja tu, nitakamatwa au sikamatwi, na kwa upelelezi wetu huu anajua jibu.

Waganga na wauaji wa watu wenye ualbino wanyongwe hadharani uwanja wa mpira, wataacha. (Msomaji, Geita)

Hasira yako naielewa na sitakudharau kwa hilo, maana hata mawaziri wakuu imewahi kuwashinda. Mwaka 2009 Pinda alisema hao wauaji nao wauawe papo hapo, ikawa zogo, akaishia kulia machozi ndani ya Bunge. Na watu walihukumiwa, usidhani hawakuhukumiwa, Septemba mwaka huo huo watu watatu walipewa kunyongwa kwa kumuua mtoto. Mauaji yaliisha? Miaka iliyofuata tuliendelea kuzika.

Lakini nikuulize kitu ambacho hukukigusa. Mkono wa mtu unapokatwa kuna anayeununua, na huyo hapandi daladala. Umewahi kumuona mnunuzi kizimbani? Wanaopatikana ni vijana waliotumwa na panga, mara nyingine na ndugu wa marehemu mwenyewe. Ukimnyonga yule kijana haraka haraka umemnyonga na jina la tajiri wake, umemfanyia tajiri kazi bure.

Hata bibi zetu wa kanda ya ziwa wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wanachopikia, wameuawa kwa tuhuma za uchawi miaka na miaka, na miaka yote hiyo kunyongwa kumo kwenye sheria. Kungekuwa ni dawa wangekuwa wamepona.

Tukimpiga mwizi akafa, hiyo nayo ni murder? (Msomaji, Tandika)

Ndiyo, na wewe uliyechangia hela ya petroli umo.

Wabakaji wa watoto nao waongezwe kwenye kunyongwa. Wewe huna mtoto wa kike? (Mama wawili, Morogoro)

Ninao wawili mama, shikamoo kama umenizidi umri. Tangu SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kubaka ni miaka 30, na mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha, hiyo si adhabu ndogo. Sasa fikiria hivi, yule shetani ameshamaliza unyama wake, mtoto bado anapumua, na anamjua kwa jina maana wengi ni baba wadogo na majirani. Kama kubaka ni kitanzi na kuua ni kitanzi, kitu gani kitamzuia asimmalize shahidi pekee? Hiyo sheria mnayoiomba itaua watoto, nisameheni nasema kama ilivyo.

Na kesi hizi hazifi kwa sababu adhabu ni ndogo. Zinafia sebuleni. Mjomba anakuja na ng'ombe wawili au laki tano, wazee wanakaa, yanamalizwa kifamilia, mtoto anapelekwa kwa bibi yake mkoani ili shahidi akiitwa asipatikane. Mara ngapi nimeona mahakama inasubiri mtoto na mama yake, hawatokei, kesi inafutwa. Anayepokea ule ng'ombe yeye apewe adhabu gani? Mbona huyo hamuandiki?

Mzee, Kenya wao walifuta kabisa au? (Msomaji)

Walifuta ulazima wake, adhabu yenyewe ipo. Kesi ya Muruatetu, Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ilisema kumfunga jaji mikono kwenye mauaji ni kinyume cha katiba. Basi hata wa wizi wa kutumia nguvu wakakimbilia humo humo, mpaka Julai 2021 mahakama ikawaambia taratibu, tulizungumzia mauaji tu. Kwa hiyo Kenya mtu anaweza kuua akapewa miaka 25, na aliyenyang'anya simu akiwa na mwenzake mwenye kisu akapewa kifo. Ndo mkanganyiko wenyewe. Marais wao huwa wanabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha kwa mafungu, Kibaki zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Uhuru 2,747 mwaka 2016, Ruto naye 2023. Waliofungua njia huku kwetu ni Uganda, kesi ya Kigula, Januari 2009, na huko ukikaa miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa inageuka maisha.

Sisi? Jaji Mwalusanya alishasema mwaka 1994 kwamba adhabu hii inavunja katiba, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili ila ikasema katiba yenyewe inairuhusu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha hapa hapa siyo Ulaya, ikatuambia tuondoe huo ulazima ndani ya mwaka mmoja. Mwezi huo huo serikali ikajitoa kwenye utaratibu wa mwananchi kwenda kushtaki pale moja kwa moja. Mwenye masikio amesikia.

Taja mtu mmoja tu aliyehukumiwa kunyongwa kumbe hajaua. Mnaongeaga tu. (Msomaji, Bukoba)

Unakaa Bukoba na hujui, wakati ni hapo tu ng'ambo ya mpaka? Edmary Mpagi, Mganda. Alikamatwa 1981 na binamu yake, mwaka 1982 wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua jirani. Tatizo ni moja, jirani alikuwa hai. Yaani marehemu anakula, anatembea, ugomvi wa kifamilia tu ndo umemzika kwenye makaratasi. Ndugu wakahangaika kupeleka ushahidi kwamba huyu mtu yupo, mnaombwa mje mmuone, na Mpagi huku gereza la Luzira anasikia wenzake wanatolewa kwenda kunyongwa. Binamu yake alifia gerezani. Yeye alitoka kwa msamaha mwaka 2000, zaidi ya miaka 18 anasubiri kamba kwa kumuua mtu anayekwenda sokoni. Mahakama zote zilipita hapo na hakuna aliyesema hebu tumuone huyo marehemu.

Na usiniambie hayo ni ya Afrika. Marekani wenye maabara na DNA na mawakili wa kila rangi, tangu 1973 watu zaidi ya 190 wametolewa kwenye foleni ya kifo baada ya kuonekana hawakustahili kuhukumiwa.

Mimi kuna siku siisahau. Wakati ule mahakama bado ni Kiingereza, Kiswahili kimekuja kuwa lugha ya mahakama kisheria 2021. Jaji akasoma hukumu karibu saa nzima, mkalimani akafupisha kwa sentensi moja ambayo hata mimi niliyekaa mbele sikuisikia vizuri. Mama wa kijana alikuwa nyuma na kikapu chake, ameleta ndizi na chupa ya chai. Watu wanasimama kutoka, akanishika shati akauliza, mwanangu, amepigwa miaka mingapi? Nilimwambia sijui. Nilikuwa najua, nimeshaandika kwenye daftari.

Biblia inasema jicho kwa jicho na Quran ina kisasi. Wewe ni nani upinge? (Msomaji, Tanga)

Mimi si mtu. Ila soma mpaka mwisho. Kisasi kwenye Uislamu kinampa familia ya marehemu haki ya kusamehe au kuchukua dia, yaani fidia ya damu, imo kwenye Al-Baqara aya ya 178. Sheria yetu hii haimpi mjane hata nafasi ya kuulizwa, tumeirithi kwa Mwingereza ikiwa hivyo, msimsingizie Mungu. Na Wakatoliki, Papa Francis alibadilisha katekisimu yenu 2018, adhabu ya kifo haikubaliki, muulizeni paroko.

Huku kwetu serikali imerudisha kifo juu ya kuluna, tunafurahi. Unasema nini? (Msomaji, Lubumbashi)

Kuluna, hayo magenge ya vijana wenye mapanga huko Kongo, wanatisha, siwezi kukaa huku nikakufundisha kuhusu usiku wa kwenu. Lakini fuatilia orodha. Machi 2024 Kinshasa iliondoa zuio lililokuwepo tangu 2003, wakasema ni kwa wasaliti na majambazi wa mjini. Julai mwaka huo askari 25 wakahukumiwa kifo Kivu Kaskazini kwa kukimbia vita. Septemba 2025 akahukumiwa kifo Joseph Kabila, rais mstaafu, akiwa hayupo. Hao si kuluna. Hata Kenya watu wa mwisho kunyongwa, 1987, hawakuwa majambazi wa barabarani, walikuwa Ochuka na mwenzake wa jaribio la mapinduzi la 1982. Kamba ikishafungwa mtini haichagui shingo ya yule mliyemkusudia, inachaguliwa na aliyepo madarakani siku hiyo.

Wauaji wanakula bure kodi zetu jela miaka 20, ni sawa? (Msomaji, Kibaha)

Ugali na maharage. Ukitaka kuumia na kodi yako muulizie mahabusu wa mauaji, hana dhamana, mahakama ya chini haina mamlaka ya kumsikiliza, kazi ni kupelekwa na karandinga na kurudishwa, upelelezi haujakamilika, kesi inapigwa kalenda, miaka sita. Huyo hata hajahukumiwa na anakula hiyo hiyo kodi.

Mwanao akiuawa utaandika haya haya? (hakuweka mji)

Sijui. Pengine nitalitafuta panga. Ndo maana siku hiyo nisiulizwe mimi, na faili asipewe mtu aliyelia kama mimi. Kaka yangu mmoja wa ukoo aliuawa kwa simu na elfu kumi na nane, mtuhumiwa aliachiwa kwa sababu kielelezo, hiyo simu, haikujulikana ilipita mikononi mwa nani kutoka kituoni mpaka mahakamani. Mama yake hajawahi kuniuliza kuhusu kunyonga. Anauliza simu ilikuwa na nani.

Mbona swali langu la mirathi ya shamba hujalijibu wiki ya tatu hii? (Msomaji, Moshi)

Umenitumia picha ya nusu ya wosia, tena imekatwa pale penye sahihi. Tuma yote.