Meza mbili za blackjack laivu, dau moja: kwa nini moja inakula hela haraka

Mkuu, umeuliza kwa nini meza mbili za blackjack ya laivu (mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuzidi, unaocheza mtandaoni na mgawa karata halisi kwa video), zote dau la chini 1,000, moja inamaliza salio haraka kuliko nyingine, na kama dila, yaani mgawa karata, ana mchezo. Dila haamui chochote pale. Anachukua karata au anasimama kwa kanuni zilizoandikwa, na kanuni hizo hazifanani meza hadi meza. Bonyeza alama ya "i" au "?" pembeni ya skrini uzisome kabla hujaweka hata senti.

Anza na malipo ya blackjack, yaani A (inahesabika 1 au 11) pamoja na karata ya thamani ya 10 (10, J, Q au K) katika karata zako mbili za mwanzo. Kwenye kitambaa cha meza utaona "3 TO 2" au "6 TO 5". Kwa dau la 1,000, ya kwanza inakulipa 1,500, ya pili 1,200. Watu huona hiyo 300 ni ndogo, basi tuipigie hesabu. Kwa pakiti 8 za karata zilizochanganywa, blackjack huja wastani wa mara 4.75 katika mikono 100. Toa zile chache ambazo dila naye anazo na inakuwa droo, zinabaki kama 4.5. Zidisha kwa 300: unapoteza takriban 1,360 kila mikono 100 kwa kanuni hiyo moja tu. Meza nzuri ya 3 kwa 2, ukicheza kwa chati ya mkakati (jedwali linaloonyesha uamuzi bora kwa kila mkono), inakukata wastani wa 500 hivi kwa mikono hiyohiyo 100. Kwa hiyo 6 kwa 5 inafanya makato kuwa karibu mara nne. Meza ya namna hiyo mimi nasema iache, hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Ya pili ni dila anafanya nini na A-6, ile 17 ambayo A bado inahesabika 11. Akisimama, ni nafuu kwako. Akilazimika kuongeza karata, kasino inajipatia takriban asilimia 0.2 ya dau zaidi. Ruhusa ya kudabo (kuongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu) baada ya kutenganisha jozi (kugawa karata mbili zinazofanana kuwa mikono miwili) inakurudishia kama 0.14, na ruhusa ya kujisalimisha na kuokoa nusu ya dau kama 0.08. Hizi ni za kulinganishia meza zinazokaribiana. Hakuna hata moja inayofidia 6 kwa 5.

Sasa kuna jambo linalowaumiza hata wanaojua chati. Kwenye meza nyingine dila hajipi karata ya pili, au hachungulii karata yake iliyofunikwa kuona kama ana blackjack, mpaka wachezaji wote wamalize. Umedabo 11 yako dhidi ya 10 yake, kisha anafungua A: dau lote mara mbili limekwenda. Meza ya kuchungulia ingekuchukua dau la mwanzo tu. Kanuni hii inampa kasino asilimia 0.11 hivi, mradi ubadili uchezaji: 11 dhidi ya 10 au A usidabo, ongeza karata tu, jozi ya 8 dhidi ya 10 au A usiitenganishe, A mbili dhidi ya A vilevile. Hakikisha chati uliyopakua ni ya meza ya aina hiyo.

Bima, yaani dau la pembeni kwamba dila ana blackjack, ikatae. Kwa pakiti 8, A ya dila ikiwa wazi, zimebaki karata 128 za thamani ya 10 kati ya 415, chini ya theluthi, na bima inalipa 2 kwa 1. Hapo kasino ina zaidi ya asilimia 7. Dau la pembeni la jozi, yaani kwamba karata zako mbili za mwanzo zitafanana, kwa malipo ya 25, 12 na 6 kwa 1 kulingana na aina ya jozi, ni takriban asilimia 4. Ukiweka 500 hapo kila mkono, limekukata wastani wa 20, wakati mkono wenyewe wa 1,000 umekukata 5.

Usipime meza kwa matokeo ya jana. Katika mikono 100 ya 1,000, kupanda au kushuka 11,500 ni kawaida kabisa, kwa hiyo meza mbovu inaweza kukulipa usiku mzima na nzuri ikakukausha.

Kuhesabu karata, yaani kufuatilia zilizokwisha kutoka ili kujua zilizobaki, nako kunabana: meza nyingi za laivu huchanga upya pakiti 8 zikifika karibu nusu, kabla hesabu haijawa na maana.

Bonasi nazo zisome. Umepewa 10,000 ya kuzungushwa mara 30, yaani uweke madau ya jumla hiyo kabla ya kuitoa, hiyo ni 300,000. Dau la blackjack likihesabiwa asilimia 10 tu, inabidi uzungushe 3,000,000, na kwa makato ya asilimia 0.5 utapoteza wastani wa 15,000 ukiifukuzia hiyo 10,000.