Mlango hauna kosa: kwa madogo wanaoanza kunyoosha kobe

Jana natoka kula, namkuta dogo mmoja anapiga mlango wa kobe, yaani Volkswagen Beetle, kwa nyundo ya mpira. Anapiga, anafunga, unagoma, anapiga tena. Raba mpya kaziweka asubuhi, vioo vyote kavipandisha mpaka juu. Nikamwambia shusha kioo kidogo. Akashusha, akasukuma mlango kwa kiganja, ukafunga. Akanitazama kama nimemfanyia kiinimacho.

Kobe akiwa mzima havuji hewa, na hewa ikikosa pa kutokea mlango unarudi. Huyu dogo ana mwaka wa pili na sisi. Ndiyo maana leo naandika, koo langu limechoka.

1. Anza na bawaba. Fungua mlango nusu, shika ukingo wa upande wa kitasa, nyanyua. Mlango ukicheza, pini ya bawaba imeisha, na usiguse kitu kingine mpaka uibadilishe. Kale katundu kwenye bawaba ni ka oili, si urembo. Zile skrubu kubwa za kichwa cha msalaba kwenye nguzo zipashe moto, tumia bisibisi ya kugonga. Ukishakula kichwa cha moja, usije kuniita.

2. Toa raba, toa na kipokeo cha kitasa, kile chuma kinachodaka kitasa, kwenye nguzo ya nyuma. Mlango uning'inie wenyewe, uoneshe unapotaka kukaa. Ukiacha kipokeo, kinaubeba mlango unapofunga, wewe unadhani umekaa. Kupima nafasi nina ukanda wa plaiwudi ya milimita 4, naupitisha kuzunguka mlango mzima. Marehemu fundi wangu alitumia kucha ya kidole gumba na hakukosea, lakini ninyi si yeye, na mimi pia si yeye.

Wengi wenu mmetokea kwenye Datsun na Peugeot 504. Kule madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti na yanapakana na mlango. Nafasi ikikataa, unalegeza, unasogeza, mteja anaondoka anacheka. Kwenye Beetle madigadi hayafiki mlangoni. Kila kinachouzunguka mlango kimechomelewa, kwa hiyo tundu la mlango likipinda huna pa kudanganyia. Mlango unakuwa shahidi tu, na ninyi kila siku mnampiga shahidi.

3. Chaneli za hita, ile mirija ya bati ya kupitisha hewa ya moto. Hapa nivumilieni.

Najua mnavyosema: nani Dar es Salaam anawasha hita? Washa Januari uone abiria watakavyokufanya. Wapo hata wateja wanaotuomba tuzibe kwa bati tu yaishe. Lakini zile chaneli mbili zinazopita chini ya milango ndizo uti wa mgongo wa bodi. Joto ni kazi yao ya pili.

Nilikuwa na miaka 23, mwaka wangu wa tatu gereji, pale mtaa wa Gerezani. Fundi mkuu alienda Tanga msibani, akatuachia Beetle 1300 ya mwaka 1969, rangi ya bluu, mali ya mwalimu mstaafu. Chaneli zote mbili zimeoza, bisibisi inapita kama kwenye papai. Maneno yake ya mwisho stendi yalikuwa: "Usikate mpaka nirudi. Ukishindwa kungoja, kata upande mmoja." Mimi nikaona huo ndio wakati wa kumshangaza mzee.

Nikafungua bolti za spana 13 zinazoshika bodi kwenye chasisi, zilizogoma nikazipitisha grainda. Vijana sita tukanyanyua bodi, tukaikalisha juu ya mapipa manne, mawili mbele, mawili nyuma. Milango nikaitoa ili iwe nyepesi. Kisha nikakata chaneli zote mbili mchana mmoja. Sikuweka hata fito moja ya kushikilia. Bodi ikabaki imesimama palepale, nikajisifu: mnaona, hakuna kilichotokea.

Kilikuwa kinatokea. Katikati hakukuwa na kitu chini, paa ndilo limebaki kama bawaba. Nguzo zinaachana kwa chini, zinakaribiana kwa juu, polepole, huku mimi nakunywa chai. Usiku ule nikachomelea chaneli mpya. Weldingi yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri kama ushanga.

Asubuhi tunaishusha, matundu ya bolti hayakutani. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikachukua drili nikapanua matundu.

Tukapachika milango. Kona ya juu ya nyuma inagonga nguzo, na chini kidole gumba kinaingia. Nikaweka kipande cha mninga kwenye bawaba, nikaegemea mlango kwa uzito wangu wote mpaka bawaba ikalia. Ukingo wa juu nikaupiga tupa. Lile pengo la chini nikalijaza puti, puti ya kutosha kukanda maandazi ya msiba, nikapiga msasa, praima, rangi. Kwa macho lilikuwa gari jipya. Mzee aliporudi jioni akapitisha mkono mlangoni, akaniuliza: "Ulipima?" Nikasema ndiyo.

Baada ya wiki tatu mwalimu akarudi, katokea Bagamoyo. Mlango wa dereva umefungwa kwa kanga ya mkewe, imepita kwenye kioo mpaka kwenye fremu ya kiti. Yeye mwenyewe, kwa umri ule, anashukia mlango wa kushoto, anavuka gia, magoti juu. Puti imebanduka kipande kizima kama ganda la yai, chini yake mnaonekana bati na aibu yangu. Hakunifokea. Alisema tu, "Kijana wangu, naona mlango umechoka." Gari la aina hii limeshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope lile la zamani, halafu linashindwa kufika Bagamoyo na kurudi kwa sababu yangu.

Mzee hakusema neno. Akachukua uzi wa kujengea, akauvuta kutoka kona ya chini ya mbele mpaka kona ya juu ya nyuma ya tundu la mlango, akafunga fundo. Akaenda upande wa pili, akauvuta kona zilezile. Fundo halikufika. Akapima pengo kwa rula, akaandika kwa chaki ukutani: 17. Milimita 17. Chaki ile ilikaa pale miaka, kila kijana mpya akiuliza ni nini, mimi ndiye nilitumwa kumweleza.

Tukakata upya, kwa pesa yangu. Miezi miwili nilikula kwa mama ntilie kwa daftari. Safari hii tulifanya alivyotaka yeye, na ndivyo nanyi mtakavyofanya: bodi irudi juu ya chasisi na raba yake ya katikati, bolti zikazwe, maana raba ile ikibanwa vipimo vinabadilika. Gari likanyage kwa magurudumu yake, sakafu iliyonyooka. Paipu ya mraba ya inchi moja ishikwe kwa ndani ya tundu la mlango, kwa ndani ili mlango uweze kufunga. Mlango ubaki mahali pake. Kata upande mmoja, tia nukta moja ya weldingi, funga mlango, fungua, tia nyingine. Uzi upite kila baada ya nukta chache. Inachosha. Tulimaliza siku ya tisa.

Mwalimu aliendesha lile gari mpaka macho yakamkatalia. Kila Idi alipita gereji, anafungua mlango kwa vidole viwili mbele ya watu, anafunga, ananiangalia. Kisha ananiuliza kama nimeshaoa.

4. Tenki la mafuta liko mbele, betri iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Vitoke vyote kabla ya cheche ya kwanza.

5. Weldingi irukeruke, huku kidogo, kule kidogo. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati litajikunja kama dagaa kwenye mafuta.

6. Puti ikizidi milimita 2, rudi kwenye bati, kuna kitu hukunyoosha. Nikikukuta unaficha pengo la mlango kwa puti nitakuomba uzi, na utanivutia wewe mwenyewe, mbele ya mteja.

Na wewe wa jana, ile nyundo ya mpira ni yangu. Nimeitafuta asubuhi nzima.