Re: Darubini ndogo ya Kijapani 6x15, ni orijino au kopi?

Mkuu, umeuliza hiyo darubini ya macho mawili ya 6x15 (inakuza mara 6, lenzi za mbele mm 15) ya babu ni Nikon kweli au kopi. Chukua tochi usome maandishi karibu na pa kuwekea macho, ukikuta Nippon Kogaku umelamba dume, hao ndio Nikon wenyewe kabla hawajabadili jina la kampuni 1988, na Mikron, ndo jina la hizi darubini zao ndogo, walianza kuiuza 1921 ila usikimbilie kusema yako ni ya 1921 maana waliitengeneza miaka kibao na viwanda vingine Japani viliikopi sana tu.

Ikiwa na "Made in Occupied Japan" basi ni ya baada ya vita, kabla Wamarekani hawajaachia nchi 1952. Ukiona JB na namba, mara nyingi kwenye bawaba inayounganisha pande mbili, hiyo ni alama ya kiwanda, ya miaka ya baadaye.

Halafu cheki vioo. Yangu niliinunua kwa picha tu, ilipofika namulika tochi upande wa lenzi kubwa nakuta kuvu imetanda kama utando wa buibui, na nikitazama nguzo ya umeme naona mbili, hela ndo ikaenda hivyo 😅

Rangi nyeusi ikibanduka shaba ikaonekana iache, usiisugue. Tupia picha ya bawaba tuone.