Bakuli la jiwe lililofukuliwa Njoro: je, ni rikazi?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni kibarua wa kuchimba mashimo ya vyoo hapa Nakuru. Mwezi jana, kwenye ploti ya mtu upande wa Njoro, nilikuta mifupa iliyoungua, shanga za mawe na bakuli zito la jiwe. Mwenye ploti hajui. Shanga nimemuuzia dalali kwa shilingi 4,000. Bakuli anataka kunipa 30,000, anasema lina mnunuzi ng'ambo. Ustadhi mmoja ameniambia hiyo ni rikazi, yaani hazina ya kale iliyozikwa ardhini, mali ya makafiri, nitoe khumusi, ile sehemu moja ya tano, kisha nile kilichobaki. Mtoto wangu yuko nyumbani kwa kukosa karo. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, swali lako limeninyima usingizi. Hukumu yenyewe haina ugumu: bakuli si lako, kuliuza ni haramu, na zile 4,000 zimo shingoni mwako. Kilichoniuma ni maneno ya huyo ustadhi, kwa sababu si mara ya kwanza kuyasikia hapa mjini, na kila yanapotamkwa yanamvisha mwizi kanzu.

Hadithi anayoitumia ni sahihi. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Huraira: "Na katika rikazi kuna khumusi." Lakini ameisoma nusu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli inayotegemewa ni kwamba rikazi ni dhahabu na fedha. Bakuli la jiwe limeingiaje humo? Tena rikazi humwendea aliyeipata ikiwa imetoka katika ardhi isiyo na mwenyewe. Wewe uliitwa kuchimba choo katika ploti ya mtu, ukalipwa ujira wako. Sururu ilikuwa yako, udongo haukuwa wako. Basi hata kama ungekuta dinari za dhahabu, usingeruhusiwa kuzibeba kimyakimya.

Na mwenye ploti naye asiseme, "Kumbe ni langu." Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 imevifanya vitu vya kale vilivyomo ardhini kuwa mali ya umma, na anayevikuta hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7. Hakuna maasi ndani ya sheria hiyo. Kwa hiyo kuitii kunaingia katika ile aya ya kuwatii wenye mamlaka.

Sasa hilo la "mali ya makafiri". Namuuliza ustadhi: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoinuka kwa jeneza lililopita akaambiwa ni la Myahudi, alijibu nini? "Je, si nafsi?" Hakuuliza dini ya maiti kabla ya kumpa heshima. Na amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai. Shanga zile hazikudondoka njiani. Zilikuwa pamoja na mifupa, ndugu yangu, na hilo ni kaburi. Mwaka 1938 wataalamu wa mambo ya kale Louis na Mary Leakey walichimba pango la Mto Njoro wakakuta masalia ya watu waliochomwa moto na kuzikwa humo yapata miaka 3,000 iliyopita, na maiti aliwekewa bakuli lake la jiwe, jiwe la kusagia na mchi. Sijui kama ulilolikuta wewe ni la watu haohao. Lakini mtu aliyezikwa na chombo chake cha kusagia alikuwa na watu waliomlilia.

Wengine husema, "Ni masalia ya shirki, kuyatunza hakuna maana." Basi wasome Suratu Rum, aya ya 42: "Sema: Tembeeni katika ardhi, mtazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Wengi wao walikuwa washirikina." Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutazama, na hao wa kutazamwa ni washirikina. Tutatazama nini ikiwa kila kitu kimefungwa kwenye katoni kikasafirishwa? Amr bin Al-As aliingia Misri akiwa na masahaba, na mapiramidi wakayaacha yamesimama.

Mimi siungi mkono itikadi za wale wazee, na hilo halihalalishi kuwaibia. Tazameni vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vya ndugu zetu Wamijikenda kule pwani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilionekana baadaye katika makumbusho ya Marekani, vikarudishwa nyumbani mwaka 2007. Mzee aliyevisimamisha kwa ajili ya nduguze alikuwa ameshafariki. Mnunuzi wa ng'ambo anayetajwa na dalali ndiye yuleyule: bila yeye hakuna anayekesha akifukua makaburi.

Ulipokuja Ijumaa ukalifungua gunia juu ya mkeka, nililipokea bakuli kwa mikono miwili. Upande wa nje lina makovu ya kuchongwa, ndani limelainika kama kiganja. Sikukuona una uso wa mwizi. Nilimwona baba ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani mbele ya wenzake, na dalali anajua kuwatafuta watu wa namna hiyo. Atakayeuza kwa faida kubwa ni yeye. Atakayeshikwa ni wewe.

Kwa hivyo tubu, na toba ya haki ya mtu haikamiliki bila kurudisha. Nenda kwa dalali uzidai shanga. Akikataa, taja ulivyomuuzia, usimfiche. Mwambie mwenye ploti, na shimo lisiendelee, wala usirudi kuchimbua zaidi, maana kitu kikitolewa mahali pake bila kuandikwa kilipokaa, wataalamu hupoteza nusu ya habari zake. Kama 4,000 umeshazila, ni deni, na mwenye deni asiye na uwezo ana fungu katika zaka. Nimeshazungumza na kamati ya msikiti, na karo ya kijana itaangaliwa huko huko kabla muhula haujaenda mbali.

Jumatatu saa mbili asubuhi nisubiri nje ya msikiti. Tutakwenda pamoja hadi makavazi ya Hyrax Hill, nami nitakaa kando yako ukieleza ulipolikuta. Siku saba zimeshapita, tutasema hivyo hivyo bila kuficha. Bakuli lije ndani ya gunia lilelile, na tafadhali mama watoto asilioshe: ule uchafu ulioganda ndani huwaonyesha wataalamu kilichosagwa humo.