Ukiumia kazini, fomu kwanza

Malindi tunajuana mno, na hapo ndipo matatizo ya mtu aliyeumia kazini yanapoanzia. Tajiri wako huenda ni mjomba wa mkeo, au mnasali safu moja Ijumaa, au ndiye aliyekupa kazi wakati hakuna mtu aliyekuwa akikutazama. Siku umeumia atakupeleka hospitali kwa gari lake, atalipa dawa, na jioni atakuja na machungwa mfukoni na elfu tano amezikunja kiganjani. "Pole, mwanangu. Mungu ndiye apangaye." Baada ya hapo nani atakuwa na uso wa kumwambia habari za fidia? Utaonekana huna shukrani, na mkeo atasimuliwa sokoni.

Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango ya nakshi na vitanda vya mahoteli na vya majumba ya Waitaliano hapa mjini. Mashine ya kupasulia mbao ilinichukua ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nililipwa fidia kama sheria inavyosema, na yule mzee niliyekuwa nikimfanyia kazi tunaamkiana mpaka leo. Harusi ya binti yake nilialikwa na pilau nikala. Tangu hapo watu hunijia, wa karakana, wa mjengo, wa hoteli, na jamaa wa Lamu hunipigia simu. Sheria wengi wao wamekwisha kuisikia. Wanachoniuliza ni: nitamwambiaje?

Usimwambie unataka pesa. Mwambie unataka fomu ijazwe.

Maneno hayo nilipewa na ami yangu, ambaye alikuwa karani wa saiti kwa miaka mingi, nikiwa bado na bendeji mkononi. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2007, ya mafao ya majeraha ya kazini, ile watu wa ofisini huiita WIBA. Inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya ajali za kazini. Kwa hivyo anapojaza fomu, tajiri haungami kosa wala hafungui mfuko wake. Anaipelekea taarifa bima ambayo amekuwa akiilipia. Ukimweleza hivyo, kwa adabu, mbele ya mtu mzima mmoja mnayemheshimu nyote wawili, muhali hupungua nusu. Akiwa hana bima, hilo ni kosa lake mbele ya sheria na deni linabaki lake, lakini usianze mazungumzo kwa hilo.

Jambo la pili linalowafunga watu midomo ni lawama. Utasikia: "Si wewe mwenyewe uliyetoa kinga ya mashine?" Mzee wangu hakusema, lakini msimamizi wake alisema, tena kwa sauti. Basi jua kwamba sheria hii haiulizi nani mzembe. Ulikuwa kazini, umeumia ukifanya kazi, unastahili. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa, na hata huo hauzuii malipo kama ulemavu ni mkubwa au mtu amekufa. Kuteleza, kuchoka, kusahau miwani ya kukinga macho, hayo si makusudi. Na kama mlikuwa kwenye lori la kampuni linalowapeleka kazini au kuwarudisha bila nauli likapinduka, hiyo nayo inahesabiwa ni ajali ya kazini. Wafanyakazi wa upande wa Gongoni na Marereni wanaobebwa alfajiri kwenda mashamba ya chumvi wanafaa walijue hilo.

Sasa fomu. Inaitwa DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari. Tajiri anatakiwa kuipeleka taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ofisa wa serikali anayesimamia madai haya, ndani ya siku 7 tangu ajue. Mtu akifa, taarifa ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24. Wewe nawe una miezi 12 tangu siku ya ajali ya kuwasilisha dai. Miezi 12 inaonekana mingi unapokuwa kitandani. Ramadhani ikiingia, halafu Idi, halafu msimu wa wageni ukaanza na umerudi kazini na mkono unauma kidogo tu, huijui ilivyokwisha. Taarifa kwa tajiri yaweza kuwa ya mdomo, lakini mimi namwambia kila mtu atume na ujumbe wa simu siku ile ile: "Assalaam aleikum mzee, hii leo saa nne asubuhi nimekatwa na mashine nikipasua mbao za mlango, fulani na fulani walikuwepo." Haumkosei mtu heshima, na una tarehe na saa ndani yake.

Mzee aliijaza fomu yangu palepale karakanani, ameilaza juu ya meza ya randa na kupuliza vumbi la mbao kila baada ya mstari. Alipofika kwenye mshahara akaandika elfu kumi. Mimi nilikuwa nikipata elfu kumi na nane, ila alikuwa akizituma kwa vipande: elfu sita leo, nne wiki ijayo, mara nyingine anaongeza za kazi ya usiku. Sidhani alitaka kunidhulumu. Nadhani aliwaogopa watu wa NSSF na wa kodi, kama matajiri wengi wanavyowaogopa. Nilitoa taarifa ya Mpesa ambayo ami alinichapishia kwa saiba, nikaiweka kando ya fomu bila kusema neno. Akavua miwani, akaipangusa, akaisoma karatasi yote mpaka chini. Kisha akaifuta ile elfu kumi kwa mstari mmoja, akaandika kumi na nane na kutia sahihi pembeni.

Mstari ule ndio fidia yenyewe. Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu ya mshahara wa miezi 96, kisha huchukuliwa asilimia ya ulemavu wako. Chukua huo mshahara wa 18,000 na ulemavu wa asilimia 10: 18,000 mara 96 ni 1,728,000, na sehemu ya kumi yake ni 172,800. Kwa mshahara wa 10,000 ungepata 96,000. Kidole ni kile kile. Kwa hivyo kabla ya fomu kufika mezani kwa tajiri, wewe uwe tayari na ushahidi wa unacholipwa: Mpesa, daftari la mahudhurio, hati ya mshahara kama ipo. Huna mkataba wa karatasi? Mapatano ya mdomo ni mkataba pia katika sheria ya kazi ya Kenya, ila itabidi uonyeshe kwamba yalikuwepo.

Asilimia huandikwa na daktari katika sehemu ya pili, na hapa watu wana haraka isiyo na maana. Daktari akikukadiria wakati kidonda bado kibichi, atakadiria jeraha, na ulemavu hatauona. Subiri upone kiasi cha kuonekana kilichobaki. Kidole hakikunji? Mwonyeshe. Unashindwa kushika patasi? Mwambie, na umwambie kazi yako ni nini. Siku zile ambazo huwezi kufanya kazi kabisa, ikiwa ni siku 3 au zaidi, unastahili kulipwa mapato yako kwa muda usiozidi miezi 12, na hayo ni mbali na fidia ya ulemavu. Matibabu nayo ni juu ya mwajiri: hospitali, dawa, upasuaji, hata magongo au kiungo cha bandia. Wako wanaoambiwa watumie SHA, bima ya afya ya serikali, "mambo yaishe haraka". Itumie kama hali ni ya kufa na kupona, lakini weka risiti zote. Gharama ile si ya kwako.

Kuna watu watakaokufikia hospitalini kabla hata jamaa zako hawajafika. Wamevaa vizuri, wana kadi, wanajua jina la tajiri wako, na wanakuahidi wakili atakayeshtaki na kukuletea mamilioni. Ajali za barabarani huko ni kwao, sina neno. Ajali ya kazini safari yake ni nyingine. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo tarehe 3 Desemba 2019: dai la kuumia kazini huanzia kwa Mkurugenzi, halianzii mahakamani. Kijana mmoja wa mjengo ninayemjua alisaini karatasi za mtu wa namna hiyo akiwa bado na dripu mkononi, kesi ikapelekwa mahakamani, ikasemwa imekuja mahali sipo, na wakati huo miezi 12 ilikuwa imeshayoyoma. Yule mwenye kadi simu yake haishiki tena. Wakili mzuri ana kazi yake, nitafika hapo.

Maradhi ni magumu kuliko ajali, kwa sababu hayana siku yake. Sheria inayatambua, ina orodha yake ya maradhi ya kazini, mapafu yaliyoharibiwa na vumbi yamo, masikio yaliyozibwa na kelele za mashine yamo. Lakini nenda hospitali yoyote ya pwani ukakohoe: utaandikiwa kifua au pumu na utarudi nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyekuuliza unafanya kazi gani. Uliza wewe. Sema, "Daktari, miaka yote hii napiga msasa ndani ya chumba kisicho na dirisha, nataka uliandike hilo." Wapasua mawe wa Manda Maweni kule Lamu, wanaopumua unga wa mawe tangu utotoni, wengi hawana hata kadi moja ya hospitali inayotaja jiwe. Na hao wa Maweni wana mtihani mwingine juu ya huo, maana wanalipwa kwa kazi iliyotoka na mnunuzi huja na kuondoka. Sheria inamzungumzia mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Kwa hivyo jamaa wa Lamu wakinipigia, swali langu la kwanza huwa: nani anakutuma, nani anakulipa, nani anaweza kukwambia kesho usije? Ukiwa na jina la mtu huyo na pesa zake zinaonekana kwenye simu yako, una pa kuanzia. Wanaofanya kazi bandarini au kwenye ujenzi mkubwa wa upande wa Kililana wasidanganywe na neno "kibarua". Kibarua naye ana mwajiri.

Fomu ikishakamilika, piga nakala mbili, moja mpe mama au mkeo aiweke mbali na zako. Ofisi ya Mkurugenzi itapiga hesabu na kumpelekea mwajiri au bima yake dai la kulipa, DOSH/WIBA 4. Wana siku 90 za kulipa, na pesa zikifika ofisini unatakiwa kuzipata ndani ya siku 30. Hapa sasa ndipo vituko vya watu wa bima huonekana: watataka upimwe tena na daktari wao, na daktari wao huona vidole vingi kuliko ulivyo navyo. Nenda, lakini na nakala yako.

Kama uamuzi wa Mkurugenzi haukuridhishi, una siku 60 za kuandika pingamizi kwake, naye ana siku 14 za kujibu. Jibu lisipokufaa, hapo ndipo wakili anapoingia: rufaa huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30, nayo inakaa hapa hapa Malindi. Mwenye kufiwa na mtu wake kazini hufuata njia hiyo hiyo, miezi yake 12 ikihesabiwa tangu siku ya kifo, na cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto ndivyo vitakavyoulizwa mwanzo, kwa hivyo vitafutwe hata kama eda haijaisha. Kaka wa marehemu anaweza kwenda ofisini kwa niaba ya mjane.