Kukagua hedi na springi za vali zilizotumika kwa injini ya Datsun L16

Datsun 1600 SSS ilishinda Safari Rally mwaka 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na kuanzia 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta akaongeza ushindi wa mara nne mfululizo, akianza na 160J. Sifa hiyo ndiyo iliyofanya magari haya yatunzwe hadi leo na watu wanaoyapenda kwa dhati, nami ni mmoja wao. Kwa kuwa hedi mpya, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda na kubeba vali, hazipatikani kwa urahisi, wengi wetu hulazimika kununua iliyotolewa kwenye injini nyingine, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu mnunuzi huangalia usafi wa hedi badala ya kuangalia unyoofu wake, na huangalia urefu wa springi zinazofunga vali badala ya kupima nguvu zake.

L16, ambayo ndiyo injini ya Datsun 1600, ina bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma, hedi ya alumini, na kamshafti (mhimili unaofungua vali) iliyokaa juu ya hedi yenyewe, ikizungushwa na cheni. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mnunuzi. Katika injini ambayo kamshafti yake imo ndani ya bloku, hedi iliyopinda inaweza kuchongwa uso wa chini ikakaa vizuri juu ya gasketi na tatizo likaisha. Kwa Datsun sivyo. Injini ikichemsha sana hedi hupinda yote, chini na juu, na nguzo zinazobeba kamshafti hupinda pamoja nayo. Fundi akichonga uso wa chini peke yake, rula itaonyesha kuwa hedi imenyooka, ilhali njia ya kamshafti huko juu bado imepinda, na kamshafti itazunguka kwa kubanwa mpaka iitafune alumini ya nguzo au yenyewe ikatike.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Naomba roka (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili vifungue vali) zitolewe, kisha nazungusha kamshafti kwa vidole. Katika hedi nzima huzunguka kwa wepesi ule ule duara zima. Ikiwa inakwama mahali, au inazunguka kwa uzito unaobadilikabadilika, naiacha hedi hiyo hata kama uso wake wa chini unang'aa. Muuzaji hujibu mara nyingi kwamba ni oili iliyoganda; basi na apake oili mpya mbele yako na azungushe tena. Na ukiona nguzo zimewahi kufunguliwa, alama za spana zikiwa kwenye boliti zake, ongeza tahadhari, kwa maana nguzo hizo zilipangwa kiwandani zikiwa katika mstari mmoja, na kuzirudisha katika mstari huo si kazi ya kubahatisha.

Baada ya hapo ndipo natoa rula ya chuma na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Naweka rula kwa urefu, kwa upana, na kwa mishazari miwili, nikijaribu kupitisha jani la milimita 0.1 chini yake. Likipita, hedi imevuka kikomo. Inayofaa kufungwa bila kazi zaidi ni ile ambayo hata jani la 0.05 halipiti. Kisha napima unene wa hedi kwa venia (kipimio cha taya mbili), kutoka uso wa gasketi hadi uso wa kifuniko cha vali, katika pembe zote nne. Kipimo cha kiwandani ni takriban milimita 108. Hedi yenye 107 imeshachongwa, na kilichopungua kina athari tatu: mgandamizo unapanda na injini inaweza kuanza kunoki (kugonga ndani), cheni inalegea kwa sababu kamshafti imeshuka, na taiming ya vali, yaani wakati wa kufunguka na kufunga, inachelewa. Sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya kamshafti ina matundu matatu ya kurekebishia taiming hiyo, na fundi hodari anaweza kuinua nguzo kwa shimu (kipande chembamba cha chuma cha kuinulia), lakini hizo ni kazi za kuhesabiwa ndani ya bei. Pembe zikitofautiana, hedi ilichongwa upande, nami siitaki kwa bei yoyote.

Kutu ya alumini ni jambo la kwetu hasa, kwa sababu magari mengi yametembea miaka mingi kwa maji ya bomba au ya kisima, ambayo pwani huwa na chumvi, badala ya kulanti, maji maalumu ya kupooza injini. Chuma cha bloku na alumini ya hedi vikikutana ndani ya maji ya namna hiyo, alumini ndiyo inayoliwa. Angalia kingo za matundu ya maji kwenye uso wa gasketi. Vishimo vidogo vilivyo mbali na duara la silinda vinaweza kujazwa kwa kulehemu na kuchongwa. Lakini ulaji ukifika mahali pale ambapo pete ya chuma ya gasketi inakalia, hedi hiyo itavujisha tu. Nyufa nazitafuta kwa kusafisha chemba za mwako na kuangalia kati ya siti mbili (pete ambazo vali hukalia) za vali, na kutoka siti hadi tundu la plagi. Macho hayatoshi kwa ufa mwembamba, kwa hiyo hedi ninayotaka kuinunua kwa fedha nyingi huipeleka kwanza karakana yenye uwezo wa kuijaza hewa yenye shinikizo ikiwa ndani ya maji ya moto. Muuzaji anayekataa kipimo hicho hata kwa gharama yako amekwisha kukujibu.

Siti nazo zina historia. Hedi za awali za injini za L zilikuwa na siti za vali za kuingiza hewa zilizotengenezwa kwa shaba, na utazitambua kwa rangi yake ya manjano. Zilifaa enzi ya petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa 2006. Hazifanyi hedi kuwa mbovu, lakini kama unakusudia kuendesha gari mwendo mrefu, weka katika bajeti siti za chuma kigumu. Kuhusu gaidi za vali, yaani mirija inayoziongoza, vuta vali kidogo kutoka kwenye siti yake na uitikise: ukisikia ulegevu wa wazi, gaidi imekwisha, na kusaga vali hakutaponya.

Sasa springi, ambazo ndizo zinazodharauliwa kuliko yote. Kila vali ya L16 ina springi mbili, ya nje na ya ndani. Kwa vipimo vya kiwandani, ya nje ikiwa huru ina urefu wa milimita 49.98 na ya ndani 44.85. Watu hupima urefu huo, wakiona umekaribia wanaridhika. Urefu mzuri si ushahidi wa nguvu. Kipimo chenye maana ni uzito ambao springi inasukuma ikiwa imebanwa kama itakavyokuwa ndani ya injini: ya nje ikibanwa hadi milimita 40 isukume kilo 21.3, na ikibanwa hadi 29.5, yaani vali ikiwa wazi, isukume kilo 49. Ya ndani isukume kilo 12.3 kwenye milimita 35, na kilo 25.5 kwenye 24.5.

Mashine maalumu ya kupimia haihitajiki. Mimi hutumia drili ya kusimama na mizani ya kupimia uzito wa mwili: springi inakaa juu ya kipande cha chuma kilicho kwenye mizani, nayo drili, ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme, inaishusha polepole. Urefu wa springi upimwe kwa venia kwenye springi yenyewe, usipimwe kwa mwendo wa drili, kwa kuwa mizani nayo hudidimia kidogo. Vaa miwani ya usalama, maana springi ikichomoka inaweza kukutoa jicho.

Iliyopungukiwa na zaidi ya asilimia 10 naitupa. Springi dhaifu haimsumbui mtu anayekwenda taratibu mjini, lakini injini ikizunguka kwa kasi vali huchelewa kurudi, roka inaachana na kamshafti, na katika injini hizi roka inaweza hata kuruka kutoka mahali pake. Ile yenye kishimo cha kutu naitupa bila kuipima, hata kikiwa kidogo kama ncha ya sindano, kwa sababu springi hubanwa maelfu ya mara kwa dakika na ufa huanzia hapo hapo. Na springi ikikatika, vali inaweza kuigonga pistoni. Isimamishe kila springi juu ya meza tambarare kando ya guniya (kipimio cha pembe mraba): ncha ya juu ikiinama zaidi ya milimita 1.5, inasukuma vali upande na kula gaidi.

Wapo mafundi wanaofufua springi iliyochoka kwa kuweka shimu chini yake. Shimu huongeza nguvu vali ikiwa imefungwa, lakini hupunguza nafasi iliyobaki vali ikiwa wazi kabisa, na mizunguko ya springi ikigusana yote, kitakachovunjika ni roka au kamshafti. Mimi nakubali shimu nyembamba tu, na baada ya kuhakikisha kwa vipimo kuwa inabaki nafasi ya angalau milimita moja. Ukipata springi mpya, zinunue, ila nazo uzipime: nimewahi kukuta mpya zisizo na jina la mtengenezaji zikiwa dhaifu kuliko za zamani zilizotoka kwenye hedi yangu.

Ukikubaliana bei, usiruhusu muuzaji amimine roka zote kwenye mfuko mmoja. Kila roka imesuguana na jicho lake la kamshafti (uvimbe unaoisukuma) kwa miaka, na kuzichanganya kutaharibu nyuso ambazo bado zilikuwa nzima. Leta boksi la kadibodi lililotobolewa matundu manane, andika namba kuanzia upande wa cheni, na upange kila roka, kipedi chake (kipande kidogo kinachokaa kati yake na vali), vali yake na springi zake mbili katika tundu lake kabla hedi haijaondoka mezani.