Maswali ya Wasomaji: Chungu cha Kupandia Mrehani

SWALI: Naishi ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam, na barazani kwangu jua huingia asubuhi hadi saa sita. Nilipotoka likizo kwetu Usangi nilibeba udongo wa mfinyanzi, nikafinyanga vyungu viwili vya kupandia mrehani na kotimiri. Cha kwanza nilikianika juani, kikapasuka kitako siku ya pili. Cha pili nilikitazama nikaona kimekauka, nikakiweka juu ya jiko la mkaa, na haikupita robo saa kililipuka kwa kishindo, vigae vikaruka hadi sebuleni. Nimekosea wapi? Na je, ni lazima chungu cha mmea kiwe na tundu? – Mpenda Mrehani.

JIBU: Pole sana, dada, na tushukuru kwamba hakuna aliyeumia. Vyungu vyako viwili vimeharibiwa na kitu kimoja, nacho ni maji, ingawa kila kimoja kwa njia yake.

Udongo wa mfinyanzi hunywea kadiri unavyokauka. Ukitaka kujua wa kwenu unanywea kiasi gani, tengeneza kipande bapa, uchore juu yake mstari wa sentimita 10, kisha uupime tena kikishakauka. Ukikuta sentimita 9 na nusu, udongo huo ni mtulivu, lakini ukikuta 9 au chini yake, una mnato mno na unahitaji kupunguzwa makali. Chungu chako kilipowekwa juani, mdomo na ubavu vilikauka na kunywea upesi, ilhali kitako, ambacho nadhani kilikuwa kinene na kilikaa juu ya ubao usiopitisha hewa, kilibaki kibichi na kikubwa kama kilivyokuwa. Sehemu moja ilivuta, nyingine ikakataa, na ufa ukatokea palipokuwa dhaifu.

Safari nyingine, twanga vigae vya chungu kilichokwisha kuchomwa kikavunjika, uvichekeche, na uchanganye sehemu moja ya unga huo kwa sehemu nne au tano za udongo. Vigae vilivyokwisha kuchomwa havinywei tena, hivyo hushikilia udongo usijivute kupita kiasi na huacha vinjia vya kutolea unyevu. Ukishaukanda, viringisha kipande chenye unene wa penseli, ukizungushe kwenye kidole: kikipinda bila kukatika, uko tayari. Jenga ubavu kwa miviringo ya udongo, mmoja juu ya mwingine, ukiisugua kwa kidole ndani na nje hadi maungio yasionekane, na unene uwe kama sentimita moja kila mahali, kitako kikiwamo. Kisha anika kivulini kwa wiki moja hadi mbili, mdomo ukiwa umefunikwa kwa kitambaa siku za mwanzo, na chungu kikishajishika kipindue ili kitako nacho kipate hewa. Kwa hali ya hewa ya pwani, hasa wakati wa masika, wiki mbili si nyingi.

Kuhusu mlipuko, wengi husingizia viputo vya hewa. Viputo ni kasoro, sikatai, lakini kinacholipua chungu hasa ni unyevu uliojificha ndani ya udongo, ambao ukifika nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara nyingi zaidi ya ile ya maji, na usipopata pa kutokea kwa utaratibu hujitengenezea mlango. Macho hayawezi kukuambia kama chungu kimekauka. Kiguse kwa shavu: kikiwa na ubaridi kuliko vitu vingine vya chumbani, bado kina maji.

Na hata kingekauka, jiko la mkaa lisingekufaa, kwa sababu chungu kikiwekwa juu yake hupata moto mkali chini na baridi juu. Udongo huacha kuwa udongo unapopita nyuzi 500 hadi 600 hivi, pale maji yaliyofungwa katika chembe zake zenyewe yanapotoka. Usipofika hapo, siku utakayomwagilia mrehani wako chungu kitarudi kuwa tope. Wafinyanzi huvipasha vyungu polepole pembeni mwa moto, ndipo huvifunika kwa kuni na nyasi, na huviacha vipoe vyenyewe. Kazi hiyo si ya ghorofani. Kwenu Upareni ufinyanzi ni kazi ya kina mama, kama ilivyo kwa Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Matema. Kwa hiyo ukienda kwenu tena, finyangia hukohuko na umwombe mama mmojawapo akuchomee pamoja na vyake. Kikiiva, kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu.

Tundu ni la lazima, na hapa msemo wa udongo uwahi ungali maji si mafumbo tena. Litoboe wakati chungu kimekaza kiasi cha kutobonyea lakini ukucha bado unachora, na ulifanye pana kama kidole gumba, kwani nalo litapungua. Chungu changu cha kwanza nilikumbuka tundu baada ya kukichoma. Nilichukua msumari na nyundo, na mengine unaweza kuyamaliza mwenyewe.

Kabla ya kupanda, kiloweke chungu majini nusu saa, la sivyo kitanyonya maji ya mche. Juu ya tundu weka kigae kimoja kilichopinda, mgongo juu, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Kotimiri ioteshe kwa mbegu humohumo, katika chungu chenye kina cha sentimita 20 au zaidi, maana mzizi wake hushuka wima na haupendi kuhamishwa.

SWALI: Je, naweza kupaka rangi ya mafuta chungu cha dania ili kipendeze? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Nje unaweza, lakini mimi nisingepaka. Chungu kisichopakwa hupumua maji yaliyozidi kupitia ubavuni, na ndiyo faida yake juu ya ndoo ya plastiki. Ukitaka kipendeze, kisugue kwa kokoto laini kabla hakijakauka kabisa, kitang'aa chenyewe. Ule weupe utakaojitokeza nje baada ya miezi kadhaa ni chumvi za maji na mbolea, nao hutoka kwa brashi.